Matokeo Yamekuja Tofauti na Ulivyotarajia: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Ulitarajia 75, karatasi inasema 52. Wazo la kwanza huwa ama "wamenionea" ama "mimi sina akili", na yote mawili ni hukumu iliyotangulia ushahidi. Hapa kuna namba mbili. Hiyo 52 ilitolewa na msahihishaji aliyefuata mwongozo wa kusahihishia, kisha ikapita kwenye hesabu fulani. Na 75 je, ilitoka wapi? Wanafunzi wengi wako tayari kuitilia shaka 52 mpaka rufaa ya mwisho, lakini hawajawahi kujiuliza 75 ilizaliwaje. Makadirio yako nayo ni kipimo, na mara nyingi kipimo chenye kasoro ni hicho.

Jambo moja kabla ya uchunguzi wowote. Kama mwanafunzi unayemsaidia amejifungia, hali chakula, hapati usingizi, au anatamka maneno kama "bora nisingekuwepo", weka matokeo pembeni. Usimwache peke yake, mwambie waziwazi kwamba unamwogopea, muulize bila kuzunguka kama anafikiria kujidhuru, na mtafute mtu wa afya siku hiyohiyo. Karatasi inaweza kusahihishwa upya wiki ijayo.

Pengo limeenea kiasi gani?

Uliza maswali matatu kwanza, maana yanapunguza sana kazi ya kutafuta. Ni somo moja au masomo yote? Ni wewe peke yako au darasa zima? Ni sehemu moja ya mtihani au sehemu zote?

Somo moja likianguka huku mengine yakibaki palepale, chanzo kimo ndani ya somo hilo: karatasi yake, msahihishaji wake, au namna ulivyolisoma. Masomo yote yakishuka kwa kiasi kinachokaribiana, usianze na wasahihishaji. Si rahisi watu sita au saba wasiojuana, kila mmoja na somo lake, wakosee wote kwa kukupunguzia. Angalia usingizi, ugonjwa, msiba, hofu, au mbinu ya kujisomea uliyoitumia kila mahali.

Darasa zima likishuka katika somo moja, habari ni nyingine kabisa. Huenda mada nzima haikufundishwa, huenda alama za mradi zilipunguzwa kwenye uhakiki, huenda mtihani wenyewe ulikuwa mgumu kupita kawaida. Hapo mwanafunzi mmoja asihangaike na barua yake. Mwalimu wa somo aandae orodha ya alama alizozitarajia na zilizotoka, kisha shule iulize kwa pamoja. Orodha ya watahiniwa 40 walioshuka kwa kiasi kilekile si rahisi kupuuzwa.

Dalili: alama hazipo, ni sifuri, au ni kama za mtu mwingine

Umeandika kurasa kumi, umepata sifuri. Ulikuwepo chumbani, matokeo yanasema hukufanya. Linajitokeza somo ambalo hukulisajili. Hizi ni dalili za makosa ya kiutawala, na zishughulikiwe siku hiyohiyo kwa sababu muda wa kuuliza huwa mfupi.

Vyanzo vya kawaida ni vichache: namba ya mtahiniwa iliyoandikwa vibaya, karatasi ya ziada ambayo haikufungwa pamoja na kijitabu, alama za mradi ambazo shule haikuzituma au ilizituma kwa jina lingine. Uliza kwa maandishi. Taja namba yako, tarehe na saa ya mtihani, na jina kamili la karatasi, halafu uombe orodha ya mahudhurio uliyotia saini iangaliwe. Hiyo saini ndiyo ushahidi wako mkubwa.

Karatasi za kusiliba, zile za kuweka kivuli kwenye jibu ili mashine isome, zina ugonjwa wao. Ukiruka swali la 12 ukasahau kuuacha mstari wake wazi, jibu la 13 linakaa kwenye 12, la 14 kwenye 13, hivyo hivyo hadi mwisho. Mashine haijui kwamba ulikuwa sahihi. Kuna namna ya kuinusa hali hii. Katika maswali 40 yenye machaguo manne, mtu anayebahatisha kila swali hupata wastani wa 10. Mwanafunzi ambaye kwa kawaida hupata 30 na zaidi akitoka na 11 au 12, hiyo si alama ya mtu asiyejua vizuri. Ni alama ya majibu yasiyo na uhusiano wowote na maswali. Omba karatasi iangaliwe kwa macho ya mtu, na kama una kumbukumbu ya majibu yako kwenye karatasi ya maswali, ilinganishe ukisogeza mstari mmoja.

Dalili: "Nilisoma sana, nilijua kila kitu, lakini mbele ya karatasi kichwa kikawa kitupu"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu anayeisema hadanganyi. Kweli alisoma. Saa nyingi, usiku mwingi, daftari limechakaa kwa kufunguliwa. Na kweli alihisi anajua.

Tatizo ni kwamba kutambua na kukumbuka ni kazi mbili tofauti za akili. Ukisoma ukurasa kwa mara ya nne, kila sentensi inakupokea kama mtu unayemfahamu. Unasema moyoni, "hii naijua." Unachojua ni kwamba umewahi kuiona. Mtihani haukuonyeshi ukurasa. Unataka uutoe mwenyewe kutoka patupu.

Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja tu, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojipima wakabaki na 61. Na ndilo la kukumbuka kuliko yote kwa mada yetu: walipoulizwa watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliosoma mara nne ndio waliojiamini zaidi. Mbinu iliyowapa matarajio makubwa ndiyo iliyowapa matokeo madogo. Pengo kati ya 75 na 52 hutengenezwa hivyo, hata kabla ya kuingia chumba cha mtihani.

Ukitaka kujua kama chanzo chako ni hiki, chukua mada moja uliyodhani unaijua. Funga daftari. Weka karatasi tupu mbele yako na uandike yote unayoweza kwa dakika kumi. Kisha fungua na uhesabu yaliyokosekana. Usijihurumie kwa kusema "ah, hiyo nilikuwa naijua tu." Kama hukuiandika, kwenye mtihani nayo haikuandikwa. Ishara nyingine ni kupata vizuri kwenye maswali ya kuchagua na kuanguka kwenye maswali ya maelezo ya somo lilelile, kwa kuwa maswali ya kuchagua humsaidia sana anayetambua.

Kwa hesabu na sayansi, ugonjwa huu huvaa sura nyingine. Vitabu vingi hupanga mazoezi kwa mada: baada ya sura ya milinganyo sambamba, maswali yote ni ya milinganyo sambamba. Hulazimiki kuchagua njia, umeshapewa. Mtihani huyachanganya, na nusu ya kazi ni kugundua swali linataka njia gani. Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha jaribio mwaka 2007 ambamo wanafunzi waliofanya mazoezi ya hesabu kwa mada moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa aina za maswali wakapata 60. Kwenye mtihani wa wiki iliyofuata, wa kwanza walipata asilimia 20 na wa pili 63. Mwanafunzi wa kundi la kwanza angekuwa na kila haki ya kushangaa, kwani wiki moja tu kabla alikuwa anapata karibu kila swali.

Dawa ni kujipima mapema na mara kwa mara, na kuchanganya maswali ya mada mbalimbali, ukikubali kwamba alama zako za mazoezi zitashuka. Kusoma kwa zimamoto usiku wa kuamkia mtihani kunaweza kukubeba asubuhi ile, lakini hakutakusaidia kitu kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka unaokusanya mada za mihula yote.

Dalili: "Nilitoka chumbani nikiwa na uhakika"

Uhakika baada ya mtihani una udhaifu wake. Unakumbuka maswali uliyoyajibu kwa raha; uliyoyajibu nusu nusu yanafifia. Kisha mnakutana nje, mnalinganisha majibu, na wanne kati yenu mna jibu moja. Kama mlijifunza pamoja kutoka daftari moja, wanne hao ni shahidi mmoja.

Wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning walionyesha mwaka 1999 kwamba watu waliofanya vibaya zaidi katika majaribio yao, ambao kwa wastani waliwapita asilimia 12 tu ya wenzao, walidhani wamewapita asilimia 62. Sababu waliyoitoa ina mantiki: maarifa yanayohitajika ili kupata jibu ndiyo yanayohitajika ili kujua kwamba jibu si sahihi. Mtu haoni kosa ambalo hajajifunza kuliona. Hakuna aibu katika hilo, na linatibika kwa kujifunza somo lenyewe.

Lakini kabla ya kukubali kwamba hukujua, chunguza kama ulijua ukajibu swali lisiloulizwa. Msahihishaji hatoi alama kwa wingi wa maneno wala kwa ukweli wa kila sentensi. Anatafuta hoja zilizomo kwenye mwongozo wake. "Taja" linataka orodha. "Eleza" linataka sababu au namna. "Linganisha" linataka vitu viwili vikutanishwe hoja kwa hoja, na mwanafunzi aliyeandika ukurasa mzima juu ya kimoja na ukurasa mwingine juu ya kingine, hata kama hakukosea popote, anaweza kukosa nusu ya alama kwa sababu hajalinganisha. Swali la alama nne lililojibiwa kwa kurasa mbili bado lina alama nne tu.

Hapo ndipo muda unapoingia. Saa tatu kwa maswali matano yenye alama sawa ni dakika 36 kwa kila swali. Ukitumia dakika 55 kwa kila moja ya mawili ya kwanza, umebakiwa na dakika 70 kwa matatu, yaani dakika 23 na ushei kwa kila moja. Alama za mwanzo za jibu lolote hupatikana kwa urahisi, za mwisho kwa jasho. Kwa hiyo ulizoongeza kwenye maswali mawili ya kwanza ni chache kuliko ulizopoteza kwenye la mwisho ambalo liliishia katikati ya sentensi. Anayefanya hivi hutoka akiwa na furaha, maana anakumbuka majibu mawili mazuri sana.

Na kuhusu majuto ya kubadilisha majibu: wengi huapa kwamba walikuwa sahihi mwanzo wakaharibu. Kruger huyohuyo na wenzake walichunguza karatasi za wanafunzi 1,561 katika utafiti uliochapishwa 2005. Mabadiliko ya kutoka kosa kwenda sahihi yalikuwa asilimia 51, ya kutoka sahihi kwenda kosa asilimia 25, na yaliyobaki yalikuwa kosa kwenda kosa. Tunayakumbuka yale yaliyotuumiza. Kama una sababu ya kubadilisha, badilisha.

Dalili: moko (mtihani wa majaribio) ilikuwa nzuri, au mwalimu alikutabiria makubwa

Mtafiti Gill Wyness wa chuo kikuu cha UCL, London, aliripoti mwaka 2016 kwamba kati ya waombaji wa vyuo vikuu Uingereza, asilimia 16 tu ndio waliopata matokeo sawasawa na waliyotabiriwa na walimu wao, na asilimia 75 walikuwa wametabiriwa zaidi ya walichopata. Walimu hao hawakuwa na nia mbaya. Mwalimu humwona mwanafunzi kwenye siku zake nzuri, humpenda, na hataki kumfungia mlango.

Kuhusu mtihani wa majaribio, uliza ulihusu sehemu gani ya muhtasari wa somo, maswali yalitoka wapi, na nani aliusahihisha. Moko iliyopima theluthi mbili ya mada haisemi chochote kuhusu theluthi iliyobaki. Maswali yaliyonukuliwa kutoka mitihani ya nyuma ambayo darasa lilishayafanya hupima kumbukumbu ya majibu. Na kama ulifanya moko tatu ukachukua ile iliyo bora kama matarajio yako, ulichukua siku yako ya bahati. Wastani wa zote tatu ungekuwa karibu zaidi na ukweli.

Dalili: hesabu yako mwenyewe haitoi alama iliyotolewa

Hapa mara nyingi hakuna kosa lolote, kuna uzito tu. Chukua mwanafunzi aliyepata 48 kati ya 100 kwenye mtihani na 45 kati ya 50 kwenye mradi. Anasema: asilimia 48 na asilimia 90, wastani ni 69. Lakini kanuni za somo zinaupa mtihani uzito wa asilimia 80 na mradi asilimia 20. Basi 48 mara 0.8 ni 38.4, na 90 mara 0.2 ni 18; jumla ni 56.4. Pengo la alama karibu 13 limezaliwa bila msahihishaji kukosea nukta moja. Tafuta uzito wa kila sehemu kwenye muhtasari wa somo na upige hesabu upya kabla ya kuandika barua yoyote.

Sababu ya pili ni mipaka ya madaraja. Katika mifumo mingi mpaka wa daraja hupangwa baada ya karatasi kusahihishwa, ili mtihani uliokuwa mgumu usiwaonee watahiniwa wa mwaka huo. Alama ghafi 60 inaweza kuwa A mwaka mmoja na B mwaka unaofuata. Usichukue mipaka ya mwaka jana kukadiria ya mwaka huu.

Ya tatu ni nadra, lakini imewahi kutokea mbele ya macho ya dunia. Mwaka 2020 mitihani ya A-level, ile ya kumaliza sekondari, ilifutwa Uingereza kwa sababu ya korona, na Ofqual, mamlaka inayosimamia mitihani, ikatumia kanuni iliyotazama mpangilio wa wanafunzi ndani ya shule pamoja na matokeo ya nyuma ya shule hiyo. Matokeo yalipotoka tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya madaraja yalikuwa chini ya makadirio ya walimu. Mwanafunzi hodari katika shule ambayo haikuwa na historia ya A alibebeshwa historia isiyo yake. Tarehe 17 Agosti serikali ilirudi nyuma na kuyakubali makadirio ya walimu. Kwa hiyo mtu anayeuliza "mlinipimaje?" hana utovu wa adabu. Ana haki ya kuelezwa kanuni iliyotumika.

Dalili: umekosa daraja kwa alama moja au mbili

Msahihishaji ni mtu. Mwaka 1912 watafiti Daniel Starch na Edward Elliott walisambaza nakala za karatasi ileile ya Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi Marekani, na alama zilizorudi zilitofautiana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Siku hizi kuna miongozo, mafunzo na usahihishaji wa sampuli, na tofauti zimepungua sana, ila kwenye insha hazijaisha. Aliyepata 49 na aliyepata 50 huenda hawatofautiani kitu kwa ujuzi.

Kama kanuni zinaruhusu kuona karatasi yako iliyosahihishwa, anza hapo kabla ya kulipia usahihishaji upya. Ipitie kwa mpangilio huu: jumlisha alama zote mwenyewe, hakikisha kila ukurasa una alama ya kalamu ya msahihishaji, angalia kama kuna jibu lililorukwa, ndipo uje kwenye hukumu ya hoja. Kosa la kujumlisha au ukurasa usiosahihishwa halina ubishi. "Insha yangu ilistahili 16 badala ya 14" ni hoja dhaifu, isipokuwa mwalimu mwingine wa somo hilo, asiyejua ulichopata, ameisoma na kufika hukohuko. Fahamu pia kwamba mahali pengi alama inaweza kushuka baada ya kusahihishwa upya. Soma kanuni hiyo kabla ya kutia saini ombi.

Dalili: umepata zaidi ya ulivyotarajia

Furahi, kisha piga hesabu ileile ya uzito. Katika utafiti ule wa Kruger na Dunning wa 1999, waliofanya vizuri zaidi walijishusha, kwani walidhani kilicho rahisi kwao ni rahisi kwa wote. Pengine wewe ni mmoja wao, na woga wako wa kuomba kozi ngumu hauna msingi. Kama alama inaonekana wazi kuwa ya mtu mwingine, sema. Kuna mtahiniwa mahali fulani ambaye anayo yako.

Kwa mtihani ujao: andika makadirio yako

Jioni ya siku ya mtihani, kabla ya kulinganisha majibu na mtu yeyote, chora jedwali lenye safu tatu: swali, alama ulizokadiria, na sababu ya kadirio hilo. Liweke. Matokeo yakija, kaa nalo. Ukiona kwamba katika masomo manne umejikadiria juu kwa takriban alama kumi kila mara, sasa unajua kipimo chako kinavyopotoka, na unaweza kupunguza kumi kabla ya kutarajia. Ukiona makadirio yako yalikuwa karibu kila mahali isipokuwa somo moja lililopishana kwa 25, umepata sababu ya kweli ya kuomba karatasi hiyo iangaliwe, na jedwali lenye tarehe la kumwonyesha mwalimu atakayekusaidia kuandika ombi.